Mama Mwenye Masharubu

Nyinyi vijana mnaonijia hapa nyumbani na suruali zenu za kupunguzwa, swali lenu ni lile lile: Mzee Mghanga, ulisomea wapi ufundi? Mnangoja nitaje chuo. Sikusomea chuo. Nilisomea barazani kwa Nathubhai, Voi, kwenye duka la vitambaa karibu na stesheni ya reli, na mwalimu wangu alikuwa Mzee Athman, mtu wa Mombasa aliyekuja bara na cherehani yake ya miguu, na ulimi uliokata kuliko mkasi.

Leo sitawafundisha kola. Kola mtaiona kwenye simu zenu, tena mtu anashona huku muziki unalia. Nataka niwape habari ya neno moja ambalo nilikuwa nikidhani nalijua tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu kule Mbololo, kumbe sikulijua hata nusu. Na msinikatize, maana nikikatizwa husahau nilipofika, halafu mnasema mzee amezeeka.

Kwanza mjue kwamba Mzee Athman alikuwa mgonjwa wa maneno. Alikuwa anaweza kusimamisha mguu kwenye kikanyagio, sindano imezama katikati ya kaptula ya askari wa reli, akuulize, "Mghanga, mkasi wajua watoka wapi?" Unamwambia kwenye droo. Anasikitika kabisa. "Neno, si chuma. Neno ni la Kiarabu. Suruali yatoka huko huko na Uajemi. Leso wametuachia Wareno, na kwao ni kitambaa kidogo cha kufutia pua, sisi twajifunga kiunoni na mtoto ndani. Kola ni ya Mwingereza. Hapa ulipo umekalia dunia nzima, na wewe wawaza ugali." Alikuwa anasema neno ni kama abiria wa treni, ukimkuta Voi usidhani ametoka Voi. Mimi nilikuwa kijana wa mlimani, nilikuwa nawaza ugali kweli.

Mwezi wangu wa kwanza nilikata mikono miwili ya kushoto. Shati la sare, kaki nzuri, na mikono yote miwili ya kushoto. Nilikuwa nimekunja kitambaa vibaya, upande wa ndani ukatazama nje. Mzee Athman aliliinua lile shati mbele ya wateja, akasema, "Mtafuteni huyu mtu mwenye mikono ya kushoto, aje achukue shati lake, li tayari." Baraza zima likacheka mpaka Nathubhai akatoka ndani kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo kabla sijakata naweka kiganja juu ya kitambaa, nahesabu pande kwa vidole, natamka kwa sauti: kulia, kushoto. Fanyeni hivyo. Mtaonekana wendawazimu lakini hamtalipa kitambaa cha mtu.

Sasa kwa Nathubhai. Yeye mwenyewe alikuja kutoka Bara Hindi akiwa mkubwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani: "Fundi, veve ngoja kidogo, mimi iko kuja." Mkewe Lalitaben alizaliwa Mombasa, Kiswahili chake kikawa safi kuliko changu, na alikuwa ananisahihisha bila aibu. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Hansa, msichana mdogo wa kuzunguka chini ya meza akiokota vipande vya kitambaa. Mimi aliniita Fundi. Baba yake alimwita Bapuji na mama yake alimwita Ba. Hiyo Ba ilinisumbua muda mrefu, maana nikimsikia anaita Ba, nilikuwa nageuka nikidhani babake anatakiwa.

Mwezi wa nane ukafika. Wahindi wale wana siku yao wanayoiita Rakhi, ambapo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, na kaka anakuwa ameahidi kumsimamia maisha yake yote. Treni ya kutoka Mombasa ikaingia, na baada ya kitambo nikaona mtu mnene anakuja barabarani na mkoba, masharubu yamesokotwa ncha. Hansa akachomoka chini ya meza, mbio, mikono hewani: "Mama! Mama!" Akamrukia yule mtu shingoni.

Nilimtazama Mzee Athman. Mzee Athman akatazama kazi yake. Nikasema kwa sauti ya chini, "Mzee, huyu mtoto haoni vizuri?" Akakanyaga cherehani makusudi, aniache niive. Mtu mwenye masharubu akapita, akanisalimia, "Jambo, fundi," nami nikajibu nikiwa sijui nimwite nani. Siku nzima nyumba ile iliita mama, na kila ikiita anaitika mwanamume.

Jioni ndipo Lalitaben akanieleza, akiwa amesimama mlangoni na sahani ya peremende za maziwa. Yule alikuwa Mansukh, kaka yake. Kwao mama ni mjomba. Ndugu wa kiume wa mama mzazi, huyo tu, si mwingine. Mke wake ni mami. "Ma ni mzazi," akasema, "na nyumbani walituambia huyu ameitwa ma mara mbili kwa sababu atakupenda mara mbili." Nikamuuliza, na mama mwenyewe haoni wivu? Akacheka, akanipa peremende mbili.

Niliona ni kituko cha Wahindi peke yao. Siku chache baadaye nikamsimulia karani mmoja wa tikiti pale stesheni, Mkikuyu, nikitegemea atacheka hadi aanguke. Hakucheka. Alisema, "Sasa wewe unashangaa nini? Hata kwetu mama ni mjomba. Nikisema ninaenda kwa mama, ninaenda kwa ndugu ya mamangu." Mkikuyu na Mhindi hawakuzaliwa bonde moja, na neno ni lile lile kwa mtu yule yule. Wakati huo huo mteja wetu Mkamba alikuwa anamwita mzazi wake mwaitu, wala neno mama halihitaji hata kidogo. Sisi Wadawida tuna neno letu, ila silitaji hapa, kwa sababu nikilitaja watu wa Mbololo na watu wa Werugha watagombana matamshi mpaka mvua ije.

Mzee Athman, nilipompelekea habari hiyo, aliweka chini pasi ya makaa. Hapo nilijua nimempa zawadi. Akasema, "Mtoto mchanga hajui kabila. Afumba mdomo kwa njaa, akiufumbua latoka ma. Basi watu wazima waliomzunguka wote wakadai: aniita mimi. Kwetu Waswahili akashinda mzazi wa kike. Kwa wale akashinda mjombake, sijui kwa ujanja gani. Neno halikosei, Mghanga. Lamtafuta mtu wa kumshika mtoto." Halafu akanirudisha kazini, maana makaa yalikuwa yanapoa.

Kwa hiyo kila mwezi wa nane Mansukh alikuja, na kila mara alileta kitu kwa Hansa, na kila mara alikaa barazani nasi kidogo akiuliza maswali ya cherehani. Alikuwa mtu mwema. Nilimshonea koti, na tumbo lake lilipoongezeka niliongeza mshono wa nyuma bila kusema. Hilo nalo lishikeni: mteja akinenepa, tepe ndiyo inajua, wewe hujui kitu.

Baadaye zikaja zile siku ambazo Wahindi wengi walikuwa wanahama. Mansukh akahamia Uingereza na mkewe. Lalitaben akawa anamtumia uzi kwa posta, anautengeneza mwenyewe kwa nyuzi nyekundu na za dhahabu, nyingine alikuwa anachukua kwenye boksi langu. Mwaka mmoja uzi ulikuwa tayari, bado haujatumwa, ikaja simu ya maandishi, imeletwa kwa mkono kutoka posta. Mansukh amefariki. Moyo.

Sijawahi kuona msiba kama ule. Lalitaben hakulia. Hakukuwa na maiti ya kuzika, hakukuwa na safari ya kwenda, wateja walikuwa mlangoni. Alipima kitambaa, akakata, akafunga kwa karatasi. Watu wakasema Lalitaben ana moyo mgumu. Mimi nilikaa mita chache kutoka kwake kila siku, nikajua si mgumu. Ulikuwa umeziba tu, nami niliogopa siku utakapozibuka.

Siku ya Rakhi ikafika na nyumba imenyamaza. Karibu na adhuhuri Lalitaben akatoka barazani na ule uzi kiganjani. Akasimama mbele ya cherehani yangu, akasema, "Mghanga, leo nina uzi na sina mkono." Nikauondoa mkono wangu wa kulia kwenye kitambaa, nikamnyooshea. Akanifunga mafundo matatu, mafundo mazuri, akanipaka nukta nyekundu kwenye paji, akaniwekea peremende mdomoni kama mtoto. Halafu akarudi ndani kupima kitambaa.

Mzee Athman alisubiri apotee. "Wajua umefungwa nini?"

"Uzi wa Rakhi."

"Wajua, lakini hujajua. Mtu akifungwa huo huwa ndugu. Na ndugu akiitwa, aitika, iwe mvua, iwe jua. Kama hutaki, ufungue sasa hivi, mimi sitasema."

Sikuufungua. Na kila mwaka baada ya hapo alinifunga mwingine. Mke wangu Wakesho mwanzoni aliuliza kwa macho, halafu nikamweleza, akasema huyo dada yangu wa Kihindi aje siku moja ale kunde. Alikuja. Alikula sahani mbili.

Hansa akakua. Akamaliza shule, akapata mchumba Mombasa, kijana mpole mwenye miwani. Nyumba ikajaa shughuli na mimi nikajaa kazi: blauzi, sketi za ndani, mapazia, mito. Siku moja namchukua vipimo vya blauzi ya harusi, naye akaniambia akitazama ukuta, "Fundi, Ba amesema nitatoka peke yangu."

Sikuelewa. Akanieleza. Kwenye harusi yao, mjomba ndiye huleta sari nyeupe yenye pindo jekundu ambayo bibi harusi anaolewa nayo. Yeye ndiye huingia chumbani, akamshika bibi harusi mkono, akamtoa mbele za watu hadi kwenye kibanda cha maua alikoketi bwana harusi. Upande wa Mombasa walikuwa wamependekeza mtu wa jamii yao, mzee mmoja mfanyabiashara, asimame badala ya Mansukh. Lalitaben alikataa katakata. Alisema mjomba haazimwi kama kiti. Afadhali mtoto atoke peke yake. Tangu aliposema hivyo hakuwa ameongea tena habari ya harusi, alikuwa anapika tu na kufagia palipokwisha fagiwa.

"Na mimi naogopa," Hansa akasema. "Watu mia wananitazama, na mkono wangu hauna pa kushika."

Nilimaliza vipimo. Sijui niliandika nini. Jioni nilimwambia Wakesho, naye hata hakuacha kuchambua mboga. "Kwani si wewe mjomba wake?" akasema. Basi.

Desturi zetu zina mjomba pia, kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi nikapanda Mbololo kumwarifu kaka yangu mkubwa Mwadime, maana jambo la ndoa hulifanyi peke yako kama kununua kofia. Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Nikasema, "Kaka, mpwa wangu anaolewa Voi na natakiwa kama mjomba." Uso wake ukang'aa. Akaita wake wa nyumba, akaita binamu. Kwetu, mwajua, msichana akiolewa mjomba ana mbuzi wake. Dakika hazikupita nyingi walikuwa wamekwisha mgawa yule mbuzi: nani atapewa mguu, nani kichwa, ngozi iende wapi.

Nikawaacha wafurahi kidogo. Halafu nikasema kwamba hawa ni Wahindi wa duka la Nathubhai, na kwao mjomba hapewi, mjomba ndiye hutoa. Na zaidi ya hayo hawali nyama. Hata yai.

Mwadime alitazama mpini wake kama umemkosea. "Hebu nielewe," akasema. "Tunakwenda harusini, sisi ni upande wa mjomba, mbuzi hakuna, na tunabeba vitu sisi?"

"Ndiyo."

"Na mjomba mwenyewe halisi?"

"Alikufa Ulaya. Dada yake hakumzika. Hajamlilia mpaka leo."

Mwadime alikuwa mtu wa mzaha, lakini hapo aliweka jembe chini. Tulizika dada yetu mdogo sisi wawili, najua alimkumbuka. Akasema, "Basi tutabeba. Tusiende kama watu wa kuokotwa." Wanawake wakaanza kupanga vikapu vya kusuka, ndizi, viazi, maharagwe mabichi, asali. Mjukuu mmoja akauliza mbuzi je, akafukuzwa.

Kazi yangu ilikuwa sari. Ile ya kwao ni hariri ya kutoka India, mimi hariri hiyo nilikuwa naipiga pasi tu. Nikaamua nitafanya kwa mikono yangu. Melimeli nyeupe laini nilinunua Mombasa, sikununua kwa Nathubhai, maana zawadi ya kaka haitoki kwenye nyumba ya dada. Pindo nilikuwa sina. Mzee Athman, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana na alikuwa anakuja barazani kuketi tu, akafungua kifurushi chake akatoa hariri nyekundu, kipande kirefu alichokuwa amekiweka tangu kufariki kwa mkewe. Hakusema ni ya nini na mimi sikumuuliza.

Sasa sikilizeni, hapa kuna ufundi. Hariri inateleza, melimeli inavutika. Ukiziunganisha hivi hivi moja inakimbia na nyingine inabaki, pindo linakunjamana kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Legeza uzi wa juu. Weka sindano nyembamba kuliko zote ulizo nazo, mpya, isiyowahi kugusa kaki. Kwanza shona kwa mkono uzi wa kushikiza, taratibu, urefu wote. Halafu chini ya kitambaa laza ukanda wa karatasi nyembamba, shona pamoja na karatasi, ukimaliza unaichana polepole, mshono unabaki umetulia. Na usikate. Hilo lilinishinda nguvu, kwa sababu maisha yangu yote yalikuwa kukata, na sari ni kitambaa kizima kisichoguswa na mkasi. Nilijikuta nimeweka kiganja juu yake nikitamka kulia, kushoto, bila sababu yoyote.

Nilikuwa bado sijamwambia mtu wa nyumba ile. Ilinibidi. Nikaingia dukani, nikasimama mbele ya Nathubhai, nikasema, "Bhai," yaani ndugu kwa lugha yao, "mimi nitamtoa Hansa." Akaacha kukunja kitambaa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu. "Fundi, moyo yako safi," akasema. "Lakini hii watu ya Mombasa hapana kubali. Itakuwa maneno mingi. Harusi ya mtoto moja tu."

Kutoka nyuma ya pazia Lalitaben akasema, kwa Kiswahili ili nisikie, "Mwambie alete sari." Hakutokeza uso.

Siku ya harusi watu wa Mbololo walishuka wamevaa vizuri, vikapu vichwani, wanaimba. Wageni wa Mombasa walisimama kwenye viti kuona. Lalitaben akatoka mlangoni na sahani ya taa ndogo, akampaka nukta nyekundu kila mtu wa upande wangu, mmoja mmoja, hata Mwadime, aliyepokea akiwa amefumba macho kama mtu anayebatizwa. Nikamkabidhi sari. Aliishika, akapitisha kidole kwenye pindo mwanzo hadi mwisho, akaingia nayo ndani. Mwadime akaninong'oneza, "Kweli hapachinjwi kitu?" Nikamwambia kweli. "Hata kuku wa mgonjwa?" Aliletewa ladu, vile vitamutamu vyao vya duara, akala moja kwa adabu, halafu akaomba sahani.

Lakini kwenye ua, karibu na kibanda cha maua, niliona kiti cha mjomba kimekaliwa. Wale wa Mombasa walikuwa wamemleta mzee wao, amevaa koti jeupe, na sari yao ya hariri ilikuwa imepelekwa ndani kwenye boksi la kioo. Mzee wa upande wa bwana harusi akanijia na tabasamu la heshima. "Tunashukuru sana, fundi. Zawadi imepokewa. Keti ule."

Nikaketi. Ningefanya nini? Ningegombana kwenye harusi ya mtoto? Nilikaa karibu na Wakesho, nikaona aibu mbele ya watu wangu waliobeba vikapu kutoka mlimani, na zaidi ya aibu nilimhurumia Hansa, kwa sababu atashikwa na mkono asioujua. Mwadime alitaka kusimama. Nikamshika shati.

Maharaj, yule padri wao, akasoma, akamwaga maji, akasoma tena. Halafu akainua kichwa akaita kwamba mama amlete bibi harusi. Mzee wa koti jeupe akainuka, akanyoosha koti lake.

Mlango wa nyumba ukafunguka na aliyetoka ni Lalitaben peke yake. Alishuka ngazi. Akapita mbele ya yule mzee, akamwinamia kwa mikono iliyokutana, akasema jambo kwa Kigujarati kwa upole, na yule mzee, Mungu ambariki, akaketi tena nadhani kwa nafuu. Kisha Lalitaben akapita katikati ya viti hadi tulipokaa sisi wa Mbololo.

"Bhai," akaniambia. "Mtoto anakungoja."

Wakesho akanisukuma mgongoni.

Ndani kulikuwa na wanawake wengi na harufu ya maua. Boksi la kioo lilikuwa kitandani, halijafunguliwa. Hansa alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa melimeli yangu, na pindo lilikuwa limelala sawa mpaka chini, nililiangalia hilo kwanza, fundi ni fundi. Halafu nikamtazama yeye. Nikamnyooshea mkono. Akaushika kwa nguvu.

Tulitoka. Tulifika ngazi ya mwisho ndipo nikasikia nyuma yetu sauti ambayo sikuwahi kuisikia miaka yote ile. Lalitaben alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti, ameshika nguzo, analia. Hakuwa analia kama watu wanavyolia harusini. Alikuwa anaita, "Mansukhbhai, Mansukhbhai," kwa nguvu, mbele ya kila mtu, na Wakesho alikuwa amekwisha kumfikia na kumkumbatia. Nathubhai alisimama akafunika uso. Wageni wakageuka. Maharaj akaacha kusoma.

Hansa akasimama pale pale, akataka kurudi. Tangu mdogo, miaka yote chini ya meza na juu ya meza, msichana huyu aliniita Fundi.

"Mama," akaniambia, amenishika kwa mikono yote miwili. "Mama, Ba analia."

"Anamlilia kaka yake," nikamwambia. "Mwache amlilie. Twende."

Tukaenda.